Baba Zainabu Halii

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Esha alikuwa chumbani na wanawake wenzake, ameketi mkekani, leso imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Alisikia ndara zikivuliwa uani, kisha maji yakimwagwa, watu wakinawa miguu. Alikuwa akimsubiri mumewe apite penye dirisha. Boga akapita. Suruali yake ilikuwa na udongo magotini, na mikononi udongo ulikuwa umemkauka mpaka viwikoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mtoto. Esha akamtazama usoni. Uso ulikuwa mkavu, uso wa mtu aliyetoka kazini. Alikuwa akimwuliza kijana wa jirani kama maji ya kunywa ya wageni yangetosha.

Hapo ndipo jambo lilipoanzia, ingawa siku ile Esha hakulijua kuwa ni jambo.

Zainabu alikuwa mtoto wao wa pekee. Kabla yake Esha aliharibikiwa na mimba, na baada yake pia, mpaka wote wawili wakaacha kutaja habari za kupata mwingine. Msichana huyo alizaliwa na seli mundu, yale maradhi ya damu yanayoshika mifupa na kuuma mpaka mtu akashindwa hata kufunikwa shuka. Pale Kibuyuni hapakuwa na mtu asiyemjua, maana aliugua mbele ya macho ya kila mtu, na kila alipopata nafuu alirudi shule akicheka. Boga alikuwa mwashi, fundi wa kutegemewa, anayeitwa kujenga mpaka Shimoni na Ukunda. Lakini akiletewa habari kwamba mtoto ameshikwa, aliuweka mwiko chini hata kama mchanganyiko wa saruji ulikuwa unakauka. Alimpakata Zainabu kwenye pikipiki, kati yake na mwendeshaji, mpaka hospitalini Msambweni. Nyumbani alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, huku akimsimulia visa vya watu aliowajengea: huyu aliyetaka nyumba yenye milango mingi kuliko madirisha, yule aliyehamisha choo mara tatu kwa sababu ya ndoto za mkewe. Mtoto alicheka huku machozi ya maumivu yakimtoka. Esha alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni, naye akicheka peke yake.

Zainabu alikuwa na miaka kumi na minne masika yalipokuja na homa ambayo haikushuka. Alikata roho asubuhi, wodini, Esha ameshika mkono wake na Boga ameshika miguu.

Siku za matanga, wanawake walijaa ndani na wanaume wakaketi nje kwenye majamvi. Ndani watu walilia, wakinyamaza mmoja akakumbuka neno alilowahi kusema Zainabu, wakalia tena. Nje mazungumzo yalikuwa ya mpira, ya siasa, ya barabara. Wazee walimpa Boga mkono wakamwambia ajikaze, nyumba inamtegemea yeye. Naye akajikaza. Siku moja Esha, akiwa amejilaza kwa uchovu, aliisikia sauti ya mumewe ikimweleza mtu jinsi ya kuzuia unyevu usipande ukutani. Aliieleza taratibu, hatua kwa hatua, kama mwalimu. Esha akaushika mto akauuma.

Hitma ikasomwa, jamaa wakatawanyika, na kesho yake Boga akaenda kazini. Wakati huo alikuwa akijenga nyumba ya mwalimu mmoja hapo hapo kijijini, kando ya njia ya kwenda Shimoni. Esha hakuona ubaya wa kufanya kazi. Watu lazima wale. Lililomchoma ni jina. Tangu mtoto azaliwe, Boga alimwita mkewe Mama Zainabu, na kabla ya hapo alimwita Mke wangu. Sasa akaanza kumwita Esha. "Esha, nipe maji." "Esha, funga mlango." Kisha akasikia kwamba hata kule kwenye jengo amewaomba wenzake wasimwite tena Baba Zainabu, wamwite Boga, basi. Esha aliona kwamba mtoto anafutwa, na anayemfuta ni babake.

Yeye mwenyewe alikuwa na pa kulilia. Alikuwa mkulima wa mwani. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana kila asubuhi, wanawake wa Kibuyuni huingia baharini kundi zima, maji yakiwafika magotini, wakafunga mbegu kwenye kamba na kukaza vigingi vilivyolegea. Huko Esha alilia alivyotaka. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwenzake wa karibu akimwona mabega yanatetemeka husogea, akaendelea kufunga mbegu kwenye kamba ile ile, na mara nyingi yeye naye akaanza kulia kwa ajili ya wa kwake. Halafu mtu akasema neno la kipuuzi kuhusu mkwewe, wakacheka, macho yangali mekundu. Esha akirudi nyumbani saa saba alikuwa mwepesi kidogo.

Lakini hicho hakikuwa kilio alichokitaka. Alitaka kulia na mtu aliyemfahamu Zainabu kama yeye, na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani. Kwa hiyo akawa analia mbele yake. Wakiwa wanakula, akaanza. Boga husimama, akanawa, akatoka. Wakiwa wameketi ukumbini, akaanza. Boga hukumbuka kwamba kuna bati limelegea nyuma ya nyumba, akaenda kulitazama. Mara moja Esha alimfuata mpaka nje.

"Kule kaburini," alisema, "ulimlaza vipi?"

"Vizuri."

"Niambie. Mimi sikuwepo. Wanawake hatuendi, wewe ulikuwepo. Niambie alikaa vipi."

Boga alikuwa ameshika nyundo. Aliigeuza mkononi akaitazama kama imemharibikia. "Nimekwambia vizuri, Esha. Alilala vizuri."

Na hapo akapanda ngazi.

Kulikuwa na jingine. Boga, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukisema chakula, alianza kukitia kasoro. Mchuzi una chumvi. Chai imepoa. Wali ni teketeke. Siku nyingine alirusha bakuli kwenye beseni la vyombo likapasuka, akaviokota vipande kimoja kimoja na kusema amekosea. Esha aligundua kwamba siku hizo mbaya zilikuja na maji mafu, bahari isipokupwa vya kutosha na yeye akashinda nyumbani. Siku za bamvua mumewe alikuwa afadhali, akirudi jioni alikuwa mnyamavu lakini mtaratibu. Alifikiri moyoni, basi ni mimi. Anachukia kuniona.

Alivumilia mpaka akashindwa, akafunga nguo akaenda Msambweni kwa Ami Kheri, mdogo wa marehemu babake, aliyemlea na kumwozesha. Ami hakuwa mtu wa kufoka. Alimpigia Boga simu, akamwomba aje Ijumaa baada ya swala, wazungumze kama watu.

Boga alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alitoa shikamoo, akaketi, akakataa juisi. Esha aliona kanzu imempwaya. Shingo imekuwa nyembamba. Ami Kheri akamwambia Esha aseme lililomtoa nyumbani.

Esha alikuwa amejipangia maneno mengi ya heshima. Yote yakamtoroka, likabaki moja.

"Hakumlilia mwanangu."

Ami akakohoa kidogo. "Boga, mwanangu, mkeo amesema. Una neno?"

"Sina neno, ami."

"Huna uchungu?"

Boga aliitazama mikono yake, ile mikono iliyopasuka kwa saruji, akaikunja. "Ami, ni amri ya Mungu. Mimi nitasema nini?"

"Machozi hayajakatazwa, baba. Makelele ndiyo yaliyokatazwa. Machozi ni rehema."

"Najua, ami."

"Basi?"

"Sina neno."

Ami Kheri aliwaombea dua, akawausia subira na kuoneana huruma, akamwambia Esha arudi na mumewe. Alipowasindikiza mlangoni alimshika Boga bega akakaa nalo muda, kama anayesubiri kitu kitoke. Hakikutoka. Mzee mwenyewe akaonekana hajui afanye nini, akaliacha bega.

Aliyemfumbua Esha macho ni jirani yake, Bi Kadzo. Huyu alikuwa mama wa Kiduruma kutoka upande wa Kinango, Mkristo, mjane, aliyehamia pwani na kuuza mandazi na mbaazi mlangoni kwake. Nyumba yake na ya Esha zilitenganishwa na kichochoro tu. Alipata habari za kikao kama kila mtu alivyozipata, na jioni moja akaja na bakuli la mbaazi, akaliweka chini asiketi.

"Mama Zainabu, nina neno, na sijui kama ni langu kulisema."

"Sema, Bi Kadzo."

"Wasema mumeo hakulia."

Esha akalisogeza bakuli kando.

"Mimi hushinda hapa mlangoni na biashara yangu. Ninyi mkienda kwenye mwani, saa ile mafundi wanakunywa chai, mumeo hurudi. Hupita hapa, hunisalimu vizuri, huingia ndani na kufunga mlango. Kile chumba cha mtoto kiko upande wangu." Akakipangusa kiganja kwenye leso yake. "Mara ya kwanza nilidhani ni mnyama ameumia. Nilisimama nije, kisha nikatambua ni mtu. Hujifunika mto, lakini hausaidii. Akimaliza hunawa uso kwenye pipa, hurudi kazini. Kila bamvua, mama. Tangu matanga yalipokwisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Yeye alikuwa ameficha."

Esha hakulala vizuri, na asubuhi hakujua la kufanya zaidi ya moja. Ilikuwa bamvua. Wenzake walipompitia, aliwaambia kichwa kinamwuma. Alifagia, akapika chai, akaketi ukumbini kwenye kiti kinachoelekea mlango. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka mumewe atakapoingia amkute, waketi pamoja kwenye kile kitanda, walie, liishe. Aliliona wazi kabisa, mpaka akaona na namna atakavyomshika kichwa.

Mlango ukafunguliwa, na kwa kuwa nje kulikuwa na jua kali na ndani kiza, Esha alimwona Boga kabla Boga hajamwona yeye. Uso ule aliutazama mara moja tu maishani mwake. Ulikuwa umeshaanza kulia. Mdomo umepinda, macho yamejaa, kidevu kinacheza, uso wa mtu aliyebeba kitu kizito njia nzima na sasa amefika pa kukitua. Kisha akamwona mkewe. Esha aliona jinsi kila kitu kilivyorudishwa mahali pake, mdomo, kidevu, mpaka ukabaki ule uso mkavu wa siku zote.

"Hukwenda baharini?"

"Kichwa kinaniuma."

"Pole." Boga alitazama ukutani huku na huku, akaona timazi yake ya kupimia kuta inaning'inia msumarini, akaichukua. "Nilisahau hii."

"Kuna chai," Esha alisema. Ndiyo maneno yaliyomtoka.

"Wananingoja."

Akatoka. Esha akamsikia akimuaga Bi Kadzo kwa sauti ya kawaida. Alitaka kumwita, na hakujua amwite nani. Baba Zainabu hakutaka kuitwa, na Boga yeye hakuwahi kumwita.

Baada ya siku hiyo mumewe hakurudi tena saa ya chai. Bamvua ile ikaisha, maji mafu yakaja yakapita, bamvua nyingine ikaingia, na Bi Kadzo akawa anatikisa kichwa tu kila Esha alipomtazama. Boga akaanza kukaa kama mgonjwa. Alikuwa haachi kwenda kazini, lakini alirudi mapema, akaketi barazani ameegemea nguzo, mikono imelala mapajani. Hakukisema tena chakula. Hakukila pia. Kisha wakiwa kwenye mwani, mke wa kibarua wa lile jengo akasema, bila kujua anamchoma nani, kwamba mwalimu ameamrisha ukuta mzima wa nyuma ubomolewe, umekwenda upogo. Esha akaendelea kufunga mbegu. Boga alikuwa amejenga miaka ishirini na zaidi, na watu walikuwa wakiweka macho kwenye kuta zake kwa raha tu ya kuona zilivyonyooka.

Ndipo Esha alipoelewa alichokifanya. Mtu huyu alikuwa na mahali pamoja pa kulilia, naye amekwenda kupakalia.

Alifikiri sana njia ya kulirekebisha na kila njia ilikuwa na mwiba. Hakuweza kumwambia, nenda ukalie, mimi najua. Akishaambiwa kwamba inajulikana, imekwisha. Hakuweza kumtuma Ami. Hakuweza kuja kumkumbatia, maana alishajaribu usiku na mwili wa Boga ulikuwa mgumu kama wa mtu anayetibiwa jeraha, akingoja limalizike. Alichoweza ni kuondoka tu. Kwa mwanamke aliyetaka kukaribia, hilo ndilo alilobakiwa nalo.

"Kesho nitashinda bandani," alimwambia akimmiminia uji. "Tuna mwani mkavu wa kufunga magunia. Sirudi mpaka alasiri."

Boga aliinua macho. Alikuwa mume wa mkulima wa mwani, mwezi na maji alivijua. Alijua pia kwamba magunia yalikwisha chukuliwa. Alimtazama mkewe kwa muda ambao haukuwa wa kawaida.

"Sawa," akasema.

Esha akaenda bandani, hakuna mtu. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu. Akaketi akafumua kamba kuukuu zilizojifunga mafundo, kamba ambazo hazikuwa na matumizi, mpaka jua likapinda. Aliporudi Bi Kadzo alimwambia hakuja. Kesho yake tena hakuja. Siku iliyofuata Bi Kadzo alisema alikuja, akaketi barazani, akavua viatu, akavivaa, akaenda zake.

Bamvua ikarudi, na Esha akashukuru kuwa na kazi ya kweli ya kwenda. Huko majini wenzake walimwona hasemi, hata halii. Alikuwa akiangalia jua, akikisia saa ya chai. Mikono yake ilifanya kazi na yeye mwenyewe yuko nyumbani, amesimama nje ya chumba cha mwanawe, hawezi kuingia. Katikati ya bamvua hiyo, alipokuwa akipita kichochoroni na ndoo, Bi Kadzo alimshika mkono.

"Leo aliingia."

"Alikaa?"

"Alikaa."

Esha akaingia uani akaketi kwenye jiwe la kufulia. Pipa lilikuwa limepungua maji na chini yake pamelowa. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimwumiza. Mumewe amerudi kulia, na amerudi kwa sharti la yeye kutokuwepo.

Tangu hapo wameishi hivyo. Esha hutangaza safari zake mapema na kwa sauti: kesho naenda Msambweni, kesho nashinda baharini, narudi saa fulani. Hurudi saa hiyo hiyo, si kabla. Boga hujibu sawa. Kuta zake zimenyooka tena. Bado humwita Esha.

Kiasi cha wiki mbili zilizopita alirudi alasiri na kukuta mlango wa chumba cha mtoto uko wazi nusu. Alichungulia. Boga alikuwa amelala usingizi juu ya kitanda kile kifupi, magoti ameyakunja ili aenee, miguu yenye saruji ikining'inia nje, mto kifuani. Mashavu yalikuwa na michirizi myeupe. Esha akasimama. Alikuwa karibu kuliko alivyopata kuwa tangu msiba, hatua chache tu, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Aliinua mguu kisha akaurudisha chini.

Akarudi uani kwa ncha za vidole. Akachukua sufuria mbili akazigonganisha, akaburuta ndoo, akamsalimu Bi Kadzo kwa sauti kubwa ingawa Bi Kadzo hakuwepo mlangoni. Akawasha moto, akatia chai, akakawia kadiri alivyoweza. Ndani akasikia kitanda kikilia, kisha mlango, kisha maji yakichotwa mtungini.

Boga alitoka anapangusa masikio, uso umelowa.

"Umerudi."

"Sasa hivi."

Aliketi kwenye kibao. Esha akampa kikombe, akaketi upande wa pili wa moto na cha kwake.

"Mwani umeshika?" Boga akauliza.

"Umeshika, upande wa Shimoni. Huku karibu kuna ulioota weupe, unakufa."

"Maji yana joto."

"Ndiyo wasemavyo."

Boga akapuliza chai. Macho yake yalikuwa yamevimba, na Esha akatazama moto ili isionekane kwamba ameyaona. Akayazuia machozi yake, akasogeza ukuni, kwa kuwa alijua akianza kulia, mwenzake atasimama.